Maji Ndani ya Silinda za Injini ya Boti: Kujua Yalikopitia Kabla ya Kufungua Hedi

Injini ya kupachika nyuma ya boti hupozwa kwa maji yale yale inayoelea juu yake. Pampu huyavuta kutoka chini, huyapandisha hadi kwenye mifereji inayozunguka silinda, kisha maji hayo hushuka na kutoka pamoja na moshi. Kati ya mifereji hiyo na mahali petroli inapowaka kuna unene mdogo wa aluminiamu na gasketi (vizibio vya viungio) kadhaa. Maji yakionekana kwenye plagi, fundi wengi hufungua hedi (kifuniko kinachofunga silinda) papo hapo na kubadilisha gasketi yake, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi kufikiwa. Mara nyingi injini hurudi baada ya siku chache ikiwa na maji yale yale, maana njia za maji kuingia silinda ni nyingi na gasketi ya hedi ni moja tu kati yake. Kila njia huacha alama zake, na alama hizo husomeka vizuri zaidi kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa.

Maelezo haya yanahusu hasa injini za tu-stroki (zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili) zenye silinda mbili na kabureta, za nguvu farasi 15 hadi 40, ambazo ndizo zinazobeba wavuvi na abiria katika sehemu kubwa ya mwambao wetu na maziwa yetu. Injini za foo-stroki nimezigusa karibu na mwisho, kwa kuwa dalili zake ni tofauti.

Okoa injini kwanza

Ikiwa maji yaliyoingia ni ya bahari, uchunguzi unaweza kusubiri, lakini injini haiwezi. Katika tu-stroki, beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na za mikono ya pistoni hupata mafuta yake kutoka kwenye mchanganyiko wa petroli na oili tu, na maji ya chumvi yakiusafisha utando wa mafuta hayo, kutu huanza ndani ya saa chache. Injini iliyoachwa na maji ya bahari hadi kesho yake inaweza kuwa imeharibika zaidi kwa kutu kuliko kwa kasoro yenyewe.

Ikiwa kamba ya kuwashia imegoma, usiilazimishe. Maji hayagandamiziki, na pistoni inayosukumwa dhidi ya silinda iliyojaa maji inaweza kupinda mkono wake. Toa plagi zote, toa klipu ya kamba ya usalama ili kusiwe na cheche, kisha vuta kamba taratibu mara nyingi hadi matundu ya plagi yaache kurusha maji. Simama pembeni, kwa sababu kinachoruka kimechanganyika na petroli. Ikiwa injini imeteremshwa kutoka kwenye boti, ilaze ili matundu ya plagi yaelekee chini, lakini usiruhusu upande wa propela kuwa juu zaidi ya upande wa silinda. Baada ya hapo, mwaga oili kidogo ya tu-stroki katika kila silinda na kwenye koo la kabureta, zungusha tena ili ienee, na ikiwezekana iwashe siku hiyo hiyo kwa petroli safi iliyochanganywa na oili hadi ipate moto na kukauka. Hatua hii haiponyi kasoro, ila inakupa nafasi ya kuitafuta bila haraka.

Plagi inasema nini

Weka plagi zote juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Katika injini nyingi za kupachika, silinda namba moja ni ya juu kabisa. Plagi ya silinda nzima ya tu-stroki huwa na rangi ya kahawia au nyeusi yenye mafuta kidogo. Plagi iliyopata maji huwa na matone yanayojitenga na mafuta, au madoa ya kutu kwenye ncha, au utando wa rangi ya kijivu kama maziwa yaliyochanganyika na oili. Kisha mulika kwa tochi ndani ya tundu. Kichwa cha pistoni cha kawaida kina masizi, na kile kinachooshwa na maji kila mara huwa kinang'aa kama kimesuguliwa, kwa sababu mvuke huyabandua masizi. Alama hii naiamini kuliko nyingine zote, kwani plagi inaweza kubadilishwa na mwenye boti kabla ya kukufikia, lakini hakuna anayekwenda kusafisha kichwa cha pistoni.

Sasa jiulize ni silinda ipi. Silinda zote zikiwa na maji kwa kiasi kinachokaribiana, shuku petroli, hewa inayoingia kwenye kabureta, au maji yaliyorudi kwa wingi kupitia egzosi (njia ya moshi). Ikiwa ni mbili zilizo jirani na kompresheni yake (msukumo wa hewa inayogandamizwa na pistoni) imeshuka zote mbili, gasketi ya hedi imekatika kwenye ukuta mwembamba kati yake. Silinda ya chini peke yake ikiwa ndiyo yenye maji, tazama egzosi, gasketi iliyo chini ya kichwa cha injini (sehemu nzima ya juu yenye silinda, si hedi), na sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ya chini ya krenki. Ikiwa ni ya juu peke yake, maji hayakupanda kutoka chini bila kuigusa ya chini; hapo ufa, gasketi ya hedi au kifuniko cha egzosi kilicho mkabala nayo ndivyo vya kutafutwa.

Swali la pili ni wakati, na hapa mwenye boti ana majibu ambayo hakuna kipimo kinachoweza kuyatoa. Mwulize nahodha kwa utulivu na kwa heshima, bila kumfanya ahisi kwamba analaumiwa, la sivyo atakuficha jambo muhimu. Je, injini ilianza kukosa moto ikiwa katika mwendo mkubwa, au wakati wa kuvuta nyavu polepole? Iliwaka vizuri jioni ikakataa asubuhi? Ilibebwa au kulazwa mahali? Ilizimwa ghafla wimbi likiwa nyuma? Siku chache kabla, iliwahi kupata moto kupita kiasi?

Maji yaliyokuja na petroli

Hii ndiyo njia ya kwanza kuikagua, kwa kuwa haihitaji kufungua chochote kikubwa. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa ya tangi na chini ya bakuli la kabureta. Legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli, pokea kilichomo kwenye chupa safi ya kioo, na uiache itulie. Maji yataonekana chini yakiwa yamejitenga kwa mstari ulio wazi. Fanya hivyo pia kwenye tangi, kwa kunyonya kutoka sehemu ya chini kabisa.

Baharini kuna kipimo kimoja chepesi ambacho napendekeza kila fundi akitumie. Chukua tone la maji yale, liweke juu ya kipande safi cha kioo na ukiache juani. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo hata tone dogo huacha ukoko mweupe. Maji yasiyoacha chumvi katika injini inayofanya kazi baharini hayakutoka kwenye mfumo wa kupoza, isipokuwa kama injini ilisafishwa kwa maji yasiyo na chumvi muda mfupi kabla. Yametoka kwenye mapipa, madumu au mvua. Kinyume chake hakithibitishi sana, kwa kuwa tangi lililo sakafuni mwa boti, likiwa na skrubu ya hewa iliyoachwa wazi, hupokea rasharasha za bahari na kuzituma hadi kwenye kabureta. Katika Ziwa Victoria, Tanganyika au Nyasa kipimo hiki hakifai, na hapo itabidi utegemee njia inayofuata.

Njia hiyo ni kuiunganisha injini na dumu dogo lenye petroli mpya iliyochujwa na kuchanganywa upya, kusafisha kabureta, na kuiendesha kwa muda wa kutosha. Maji yakikoma, kasoro imepatikana, na dawa yake ni tangi safi, mfuniko wenye mpira mzima, na kichujio chenye uwezo wa kutenga maji. Yakiendelea, petroli haina hatia. Kagua pia kifuniko cha juu cha injini na mpira wake wa kuzuia maji, kwa kuwa ukikatika, maji yanayorushwa na mawimbi huingia moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta.

Maji yaliyorudi kupitia egzosi

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, ingawa katika mazingira yetu ni ya kawaida sana. Moshi wa injini ya kupachika hutokea chini ya maji, kupitia mguu wa injini ambao ndani yake kuna maji ya kupozea yanayoshuka. Kutoka hapo hadi kwenye matundu ya egzosi ya silinda ya chini si mbali. Kinachoyazuia maji yasipande ni msukumo wa moshi pamoja na kimo cha injini juu ya maji, na kimoja kikipungua, maji hupanda.

Wakati wa kusi, boti inayorudi pwani ikiwa na mawimbi nyuma yake huingia kwa kasi, kisha nahodha hupunguza mafuta ghafla karibu na mchanga. Wimbi la nyuma hufika kwenye mguu wa injini wakati moshi umepungua, nalo hulazimisha maji kupanda. Injini ikizimika wakati huo huo, huenda isiwake tena. Vivyo hivyo, boti iliyopakiwa kupita kiasi hukaa chini, na injini iliyofungwa kwenye ubao wa tezi (nyuma ya boti) ulio mfupi kuliko mguu wake huzama kuliko ilivyokusudiwa. Mbinu ya kutambua ni kwamba silinda, na hasa ya chini, hupata maji mara moja na kwa wingi, kisha ikikaushwa injini hufanya kazi bila tatizo hadi tukio jingine kama hilo. Hakuna kompresheni iliyoshuka, hakuna joto kupita kiasi.

Chanzo kingine ni namna ya kubeba. Kwa hofu ya wizi, wavuvi wengi huvua injini ndogo kila jioni na kuibeba begani hadi nyumbani. Mguu wa injini ukiwa bado una maji, na ukainuliwa juu ya kichwa chake, maji yaliyobaki hutiririka kupitia egzosi hadi ndani ya silinda na kulala humo usiku kucha. Miongozo ya watengenezaji huonya waziwazi kwamba kichwa cha injini kisiwe chini ya propela, lakini onyo hilo halijawafikia wengi wanaobeba. Isimamishwe wima kwanza hadi itakapoacha kudondosha, ndipo ibebwe. Nimeweka jambo hili kwa urefu kwa sababu injini za namna hii hufunguliwa bure: fundi hubadilisha gasketi nzima, akairudisha, nayo ikabebwa vilevile jioni ile.

Gasketi ya hedi

Maji yakiwa hayajatoka kwenye petroli wala hayajarudi kwa njia ya egzosi, pima kompresheni. Injini iwe na moto wa wastani, plagi zote ziwe nje, klipu ya usalama iwe imetolewa na mkono wa mafuta uwe umefunguliwa kabisa, kisha vuta kamba kwa nguvu ile ile kwa kila silinda hadi geji iache kupanda. Namba yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini. La muhimu ni tofauti kati ya silinda. Ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Mwaga oili kidogo katika silinda dhaifu na upime tena: ikipanda sana, ringi ndizo zilizochoka, ikibaki pale pale, hewa inapenya kwenye gasketi au kwenye ufa.

Gasketi ya hedi iliyokatika ina dalili nyingine inayoonekana injini ikiwa kazini. Msukumo wa mwako ni mkubwa kuliko ule wa maji, kwa hiyo katika mwendo wa nguvu gesi huingia kwenye mifereji ya maji, na mkondo wa kuonyesha maji unaotoka pembeni mwa injini hukatikakatika, hutoa mapovu na harufu ya moshi, na joto hupanda. Injini ikipunguzwa mwendo au kuzimwa, maji nayo hupata nafasi ya kuingia silinda. Ukiona hayo pamoja na kompresheni iliyoshuka, fungua hedi bila shaka yoyote.

Hedi ikishafunguliwa, isome gasketi kabla ya kuitupa. Mahali ilipovuja pana mstari mweusi wa masizi unaovuka ukingo wa silinda, au kutu inayoelekea ndani. Pima hedi kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili. Kwa injini nyingi za aina hii kikomo cha kupinda ni milimita 0.1. Iliyopinda kidogo husuguliwa kwa msasa wa namba 400 hadi 600 wenye maji, uliolazwa juu ya kioo kinene, kwa mwendo wa namba nane. Ikiwa chumvi imekula ukingo wa silinda na kuacha vishimo, hakuna gundi itakayoshika pale, na gasketi mpya itadumu kwa muda mfupi tu. Gasketi iliyokatwa kutoka kwenye karatasi ngumu ya boksi siikubali hata kwa dharura, kwa kuwa hubadilisha nafasi ya mwako na kuungua mapema.

Tena gasketi ya hedi haikatiki bila sababu. Kagua impela (gurudumu lenye mbawa) ya pampu ya maji, na ikiwa mbawa zake zimevunjika, vitafute vipande vyake vyote, maana vilipanda na maji na huenda vimeziba njia. Kagua pia themostati (vali inayodhibiti joto la injini), na mifereji iliyojaa chumvi na mchanga. Injini iliyofungwa gasketi mpya juu ya pampu mbovu itapata moto tena na kuikata.

Kifuniko cha egzosi

Hapa ndipo wengi hupotea. Ubavuni mwa kichwa cha injini kuna kifuniko, mara nyingi cha sahani mbili: ya ndani huutenga moshi na maji, ya nje huufunga mfereji wa maji. Gasketi ya sahani ya ndani ikioza, au sahani yenyewe ikitobolewa na kutu, maji hudondoka ndani ya njia ya moshi iliyo wazi kwa matundu ya silinda. Kompresheni itapima vizuri kabisa, kwa kuwa geji hupima kile kinachobaki baada ya pistoni kuyapita matundu ya egzosi. Kwa hiyo kompresheni nzuri haiondoi shaka ya maji. Inaiondoa hedi na kukuelekeza ubavuni.

Dalili zake hulingana na kasi. Katika mwendo mkubwa moshi huyasukuma maji nje na injini huonekana nzima. Wakati wa kuvuta nyavu polepole hukosa moto upande mmoja. Endesha injini kwenye pipa la maji kwa mwendo wa chini kwa dakika 10, izime, kisha toa plagi mara moja na umulike kichwa cha pistoni pamoja na tundu la egzosi ikiwa linaonekana. Usisubiri hadi kesho, kwa kuwa injini ikizimwa maji ya mifereji hushuka yote na ushahidi hupungua.

Kufungua kifuniko hicho kunahitaji subira. Boliti zake ni za chuma ndani ya aluminiamu, na chumvi huzishika kiasi kwamba hukatika vichwa. Tia mafuta ya kulainisha usiku uliotangulia, pasha moto aluminiamu inayoizunguka boliti baada ya kuondoa kila kitu chenye petroli, na uanze kwa kuikaza kidogo sana kabla ya kuilegeza. Badilisha gasketi zote mbili, na sahani ya ndani ikiwa na tundu hata la sindano, ibadilishe pia.

Chini ya kichwa, na nyufa

Maji yakiwa katika silinda ya chini tu, na kifuniko cha egzosi ni kizima, kichwa kizima kitabidi kiinuliwe. Gasketi iliyo kati yake na mguu hutenganisha maji yanayopanda na moshi unaoshuka. Mistari myeupe ya chumvi kwenye kiungio hicho kwa nje ni dalili njema ya kuanzia. Hapo hapo kagua sili ya chini ya krenki. Ikiisha, maji huingia kwenye chumba cha krenki cha silinda ya chini, beringi ya chini huanza kutoa mlio wa kukwaruza, na silinda hiyo hukosa nguvu ikinguruma polepole kwa sababu chumba chake hakishiki tena msukumo.

Ufa ni jambo la mwisho kushukiwa, isipokuwa injini ilipata moto mkali kisha ikapozwa ghafla. Kwa kuutafuta bila vifaa vya gharama, safisha chuma, kipake mafuta ya taa, kifute kikauke, kisha paka unga wa chaki. Baada ya muda mafuta yaliyojificha hutoka na kuchora mstari. Kuchomelea aluminiamu iliyokaa na chumvi kwa miaka mingi hufanikiwa kwa nadra, na kwa maoni yangu fedha hiyo ni afadhali iende kwenye kununua bloku iliyotumika lakini nzima.

Kwa injini za foo-stroki, anza na kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Kiwango kilichopanda bila rangi kubadilika, kikiwa na harufu ya petroli, ni petroli iliyoingia kwenye oili, na hiyo ni kasoro nyingine kabisa. Oili yenye maji imwagwe na ibadilishwe zaidi ya mara moja hadi itoke safi, na injini isiendeshwe kwa mzigo kabla ya chanzo kupatikana.

Baada ya kufunga kila kitu, kaza boliti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na kwa kiwango kilicho kwenye mwongozo wa injini hiyo hiyo. Weka plagi mpya zote, ili alama za zamani zisichanganyike na mpya. Mwenye boti aende safari moja fupi yenye mwendo mkubwa na mwendo wa polepole, arudi, na plagi zitolewe injini ikiwa bado ina moto. Zikiwa kavu na vichwa vya pistoni vimeanza kushika masizi upya, mrudishie boti yake. Zikiwa na tone lolote, rudi kwenye swali la silinda ipi na wakati gani.